Mvinyo wa vijiji vya Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu udongo na miteremko

Maswali haya hurudi kila mtu anaposhika chupa ya Bourgogne, mkoa wa mvinyo mashariki mwa Ufaransa, kwa mara ya kwanza, au anapoiona bei yake. Majibu mengi yanahusu Côte d'Or, kwa kuwa hapo uhusiano wa kijiji, mteremko na udongo unaonekana wazi kuliko pengine popote. Maeneo mengine yanatajwa pale yanapokwenda njia yake. Soma swali unalolihitaji. Si lazima uanze juu.

## Mambo ya mwanzo

1. Mvinyo wa kijiji ni nini hasa?

Ni mvinyo wa zabibu zilizovunwa ndani ya mipaka iliyowekwa kisheria ya kijiji fulani, na chupa inabeba jina la kijiji hicho: Volnay, Pommard, Meursault, Gevrey-Chambertin. Lakini mipaka hiyo haichukui ardhi yote ya kijiji. Mfumo wa Ufaransa wa majina yanayolindwa, uliowekwa mwaka 1935, ulichora ramani kiwanja kwa kiwanja: hiki kimo, hiki hakimo. Mkulima mwenye viwanja viwili vinavyotenganishwa na njia ya trekta anaweza kuwa na haki ya kuandika jina la kijiji kwa zabibu za kimoja, na za kingine zikaishia kuitwa Bourgogne tu.

Kwa ngazi, mvinyo wa kijiji uko juu ya ule wa mkoa na chini ya ule wa mashamba maalumu. Ngazi zenyewe zimeelezwa katika swali la 11.

2. Mbona lebo haisemi ni zabibu gani?

Kwa sababu ukishataja mahali, umeshataja zabibu. Volnay ni Pinot Noir. Meursault, isipokuwa chupa chache nyekundu, ni Chardonnay. Na hapo ndipo habari ya udongo inapopata maana: zabibu ni ile ile, mvua ni ile ile, wakulima wamefundishana kazi vizazi na vizazi. Mvinyo wa vijiji viwili jirani ukitofautiana, tofauti hiyo lazima iwe imetoka ardhini au mikononi mwa mtu.

3. Côte d'Or iko wapi, na huo mteremko ulitokeaje?

Ni ukanda mwembamba mashariki mwa Ufaransa. Unaanza kusini mwa jiji la Dijon, unapita Nuits-Saint-Georges na Beaune, unaishia karibu na Santenay. Kama kilomita 50 hivi kwa urefu. Kwa upana, kuna mahali unaweza kuukata kwa miguu kwa robo saa. Nusu ya kaskazini, Côte de Nuits, ni nchi ya mvinyo mwekundu. Nusu ya kusini, Côte de Beaune, ina mwekundu pia, lakini ndiko uliko mweupe unaojulikana dunia nzima.

Zamani sana, miaka zaidi ya milioni 160 iliyopita, hapo palikuwa na bahari ya joto isiyo na kina. Makombe na mifupa ya viumbe vyake vikashindiliwa tabaka juu ya tabaka, vikawa mawe ya chokaa. Baina ya matabaka magumu kukabaki matabaka laini ya marni, yaani chokaa iliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi. Baadaye, takriban miaka milioni 30 iliyopita, ardhi ikapasuka. Upande wa mashariki ukazama ukawa bonde la mto Saône, na upande wa magharibi ukabaki juu. Aliyewahi kusimama juu ya ukuta wa Bonde la Ufa akaliangalia Ziwa Manyara chini yake ameshauona mchezo wenyewe, ila huku Ufaransa ukuta ni mfupi: mita 100 hadi 150 hivi kutoka bondeni, na umelainika kiasi cha kulimika.

Ardhi haikupasuka mara moja kama kuni. Ilikatika vipande, kimoja kikazama kidogo, kingine zaidi. Ndiyo maana mtu akishuka mteremko anakanyaga jiwe la umri mmoja, kisha jingine la umri tofauti, na udongo unabadilika kabla hajamaliza mstari mmoja wa mizabibu.

## Mteremko

4. Kwa nini wanahangaika na mteremko? Tambarare si rahisi kulima?

Ni rahisi, na ndiyo maana tambarare ya Saône imejaa ngano na mazao mengine. Mzabibu ni mmea wa tabia nyingine. Ukiupa maji tele, utatumia msimu wote kurefusha matawi na kujaza majani. Zabibu zitakuwa kubwa, za majimaji, zenye ladha hafifu. Ukionja kiu kidogo katikati ya kiangazi, unaacha kukua na sukari yote inakwenda kwenye matunda. Mteremko huutia mzabibu kiu hiyo bila mtu kufanya lolote: maji hufuata mkondo.

Jambo la pili ni baridi. Hewa baridi ni nzito. Usiku huteremka polepole na kutulia bondeni. Asubuhi ya jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, mkulima wa chini hukuta chipukizi zimeungua na yule wa juu hana habari. (Mteremko una siku zake za kusaliti pia, tazama swali la 17.)

La tatu ni jua. Dijon iko nyuzi 47 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua halipandi sana. Shamba lililoinama kuelekea jua hupokea miale iliyonyooka kuliko shamba lililolala. Côte d'Or nyingi hutazama mashariki na kusini-mashariki: jua la asubuhi hukausha umande mapema, ukungu wa majani hupungua, na kilima chenyewe hukinga pepo za mvua kutoka magharibi.

Kati ya hayo matatu, ukitaka kushika moja, shika maji. Majibu mengi yaliyobaki humu yanarudi kwenye maji.

5. Basi kileleni si ndiko kungekuwa bora zaidi?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Juu kabisa udongo ni mwembamba, mwamba uko karibu, upepo ni mwingi na joto ni pungufu. Kila ukipanda mita 100 unapoteza kama nusu nyuzi ya joto au zaidi kidogo. Wenyeji wameuacha msitu huko. Chini kabisa ni kinyume: udongo umejikusanya kwa karne nyingi, ni wa kina, mzito, na maji yanakaa.

Katikati, kwenye mwinuko wa mita 250 hadi 300 hivi kutoka usawa wa bahari, udongo wa kutosha umeshuka kutoka juu bila kuzidi, na chini yake kuna mawe yenye nyufa ambazo mizizi hupenya. Mvua ikinyesha, maji yanaondoka. Ukame ukija, kiasi kidogo kimebaki kwenye udongo wa mfinyanzi na ndani ya nyufa. Karibu mashamba yote yenye daraja la Grand Cru, la juu kabisa, yamo katika mkanda huo.

Kinachobaki kwa mvinyo wa kijiji ni sehemu mbili: chini ya mkanda huo, na pengine juu yake. Hazifanani hata kidogo. Wa chini mara nyingi ni mnene, laini, na hunyweka mapema. Wa juu ni mwembamba, wenye uchachu, na unahitaji muda. Lebo haikwambii ni upi kati ya hiyo miwili. Kwa maoni yangu, katika miaka ya joto ule wa juu ndio wa kutafuta, na wauzaji wengi bado hawajaanza kuutoza bei ya sifa zake.

6. Kuna kijiji kisichofuata kanuni hiyo?

Gevrey-Chambertin. Barabara kuu ya D974 hupita chini ya mteremko wote, na kwa sehemu kubwa ya Côte de Nuits ndiyo mpaka usioandikwa: magharibi mwa barabara mvinyo wa kijiji na zaidi, mashariki mwake mvinyo wa mkoa. Lakini Gevrey mashamba ya kijiji yamevuka barabara na kwenda mbali upande wa tambarare.

Sababu ni korongo liitwalo Combe de Lavaux, linaloukata mteremko nyuma ya kijiji. Maji ya kale yalitoka nalo yakisukuma kokoto na mawe, yakayatandaza chini kama upepeo uliofunguliwa. Kwa hiyo kuna mahali ng'ambo ya barabara ambapo ukichimba unakuta kokoto zinazopitisha maji vizuri, wakati kijiji cha jirani kwenye mstari huo huo unakuta udongo mzito. Walioyachora mashamba hayo ya mbali walikuwa na hoja. Si kila kiwanja cha huko kinastahili jina hilo, lakini hoja ipo.

Korongo hilo hilo huleta hewa baridi jioni. Kwenye mdomo wake lipo shamba la Clos Saint-Jacques, lenye hekta 6.7 hivi na wamiliki watano. Kwa daraja ni Premier Cru, ngazi moja chini ya Grand Cru. Wanywaji wengi, na bei pia, hulichukulia kama Grand Cru.

7. Mvua kubwa ikinyesha, udongo haushuki wote?

Hushuka. Kwa karne nyingi kazi ya majira ya baridi ilikuwa kuuzoa chini ya shamba, kuutia kwenye vikapu vya mgongoni na kuupandisha tena. Ndiyo kusema udongo wa baadhi ya mashamba haya umebebwa na watu mara nyingi kuliko ulivyosukumwa na maji. Siku hizi huacha nyasi kati ya mistari, hujenga kuta ndogo za mawe na kuchimba mifereji.

Mistari yenyewe imebanana: mita moja hivi kati ya mstari na mstari, na mizabibu kama 10,000 kwa hekta. Trekta la kawaida halipiti. Wanatumia la miguu mirefu, linalotembea juu ya mstari huku mizabibu ikipita chini ya tumbo lake. Baadhi wamerudi kwa farasi, kwa kuwa farasi haushindilii udongo kwa uzito kama huo.

Kusini zaidi, Côte-Rôtie, kando ya mto Rhône, hata trekta hilo halifai. Huko mteremko ni mkali mno. Kuna matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake, na kazi ni ya mikono.

## Udongo

8. Nikinywa Chablis, naonja chaza na mawe yaliyomo ardhini?

La. Udongo wa Chablis, eneo la mvinyo mweupe kaskazini mwa Bourgogne, kweli umejaa visukuku vya chaza wadogo sana, umbo la koma, na ukiokota bonge shambani utawaona kwa macho wamegandamana. Lakini mzizi haunyonyi chaza. Hunyonya maji na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake, kwa kiasi kidogo mno kuweza kuonjwa. Na jiwe lenyewe halina ladha wala harufu ya kuhamisha. Anayesema mvinyo una ladha ya "jiwe lililolowa" anatafuta neno la kueleza uchachu mkali na uhaba wa matunda. Ni neno zuri, na wanywaji huelewana kwalo. Lisichukuliwe kama taarifa ya maabara.

Kosa la upande wa pili ni kusema basi udongo hauna kazi. Unayo, ila inapitia mlango mwingine. Udongo huamua mzabibu utapata maji lini na kiasi gani, ardhi itapata joto upesi au polepole wakati wa machipuko, na nitrojeni itakuwa nyingi au kidogo. Mtafiti Gérard Seguin wa Bordeaux alionyesha kwamba mashamba bora ya Médoc, eneo mojawapo la Bordeaux, yanafanana katika namna udongo unavyougawia mzabibu maji, hata pale aina ya udongo inapotofautiana. Huo ndio ufunguo, kwa nionavyo: usiulize udongo una nini ndani yake, uliza maji yanafanya nini ndani yake.

9. Udongo upi hutoa mvinyo wa namna gani?

Hakuna jedwali la kuaminika, ila ipo mifano mizuri. Ulio mzuri kuliko yote ni Pommard na Volnay. Ni vijiji vinavyopakana, vyote vyekundu, vyote Pinot Noir, vyote vinatazama upande mmoja. Pommard ina udongo wa mfinyanzi mwingi zaidi, na kwenye shamba kama Rugiens ardhi ni nyekundu kwa chuma. Mvinyo wake una mwili na tanini, unaukaza ulimi. Volnay ina chokaa zaidi na udongo mwepesi, na mvinyo wake huja na harufu kwanza, nguvu baadaye. Ziweke glasi mbili mezani, za mwaka mmoja, na kama unaweza za mtengenezaji mmoja. Hata mgeni kabisa huona kwamba ni vitu viwili. Jihadhari tu: kuna Pommard laini na Volnay ngumu, kwa sababu mpaka wa vijiji ulichorwa na watu, na udongo haukupewa taarifa.

Kilima cha Corton kinaonyesha jambo hilo hilo wima. Karibu na kilele udongo ni wa marni nyeupe, na huko wamepanda Chardonnay kwa ajili ya Corton-Charlemagne. Ukishuka upande wa mashariki udongo unakuwa mwekundu na wenye chuma, na mizabibu inageuka kuwa Pinot Noir.

Chablis iko mbali, zaidi ya kilomita 100 kaskazini-magharibi mwa Beaune. Zabibu ni moja tu, Chardonnay. Mashamba ya Petit Chablis kwa kawaida yako juu kwenye uwanda wa mawe magumu. Chablis bora iko chini yake, kwenye miteremko ya marni yenye chaza. Grand Cru yote ni mteremko mmoja, mashamba saba yaliyojipanga juu ya mto Serein, yakitazama kusini-magharibi.

Halafu Beaujolais, ambako chokaa inakoma na itale (graniti) inaanza. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru zabibu ya Gamay ing'olewe, akidai ni mmea mbaya na usioaminika. Kwenye chokaa ya Côte d'Or huenda alikuwa na haki. Kwenye itale ya Beaujolais, udongo wa kichanga usio na rutuba, Gamay hutulia na kutoa mvinyo wa maana. Kuna vijiji na vilima kumi vyenye haki ya kuandika majina yao: Fleurie, iliyo juu ya itale ya waridi, hutoa mvinyo wa harufu na wepesi, Morgon, hasa kwenye kilima cha Côte du Py chenye mawe meusi ya kale yaliyooza, hutoa mzito unaodumu.

10. Mkulima anaruhusiwa kumwagilia au kuongeza rutuba?

Kumwagilia mizabibu inayozaa ni marufuku chini ya masharti ya majina ya Bourgogne. Mbolea inaruhusiwa, lakini anayejua kazi huitumia kwa ubahili, kwa sababu zilizotajwa katika swali la 4. Mavuno nayo yana kikomo: kwa mwekundu wa kijiji katika Côte d'Or kiwango cha msingi ni hektolita 40 hivi (lita 4,000) kwa hekta.

## Lebo, daraja na bei

11. Madaraja ni mangapi, na nani aliyapanga?

Manne. Chini ni mvinyo wa mkoa (Bourgogne). Juu yake ni wa kijiji. Halafu Premier Cru, yaani shamba lililotambuliwa ndani ya kijiji, lebo ikitaja kijiji na kwa kawaida shamba. Juu kabisa ni Grand Cru, shamba linalosimama kwa jina lake pekee. Grand Cru ziko 33 kwa Bourgogne yote, na hutoa asilimia 1 hivi ya mvinyo wake.

Hakuna mtu mmoja aliyeyapanga. Watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima hapa kwa karne nyingi na kuzungushia mashamba kuta. Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya ardhi, ikauzwa. Mwaka 1861 kamati ya kilimo ya Beaune ikachora ramani ya mashamba kwa ngazi tatu, na serikali ilipoweka sheria katika miaka ya 1930 ilifuata sehemu kubwa ya ramani ile. Mashamba haya yenye majina, wenyewe wanayaita climats, yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015, yakiwa 1,247.

12. Puligny-Montrachet ndiyo Montrachet yenyewe?

Sivyo, na hapa watu hupoteza hela. Montrachet ni shamba la hekta 8 hivi, Grand Cru. Puligny ni kijiji kilichojiongezea jina la shamba hilo mwaka 1879, na Chassagne, kijiji cha pili kinachomiliki sehemu yake, kikafanya vivyo hivyo. Gevrey ilitangulia kwa kujibandika Chambertin mwaka 1847. Kanuni rahisi: jina lenye kistari katikati, bila maneno mengine, kwa kawaida ni kijiji kilichoazima sifa za shamba lake.

Ila ipo mitego. Bâtard-Montrachet ina kistari na ni Grand Cru. Tafuta maneno "Grand Cru" kwenye lebo; yasipokuwepo, usilipe bei yake.

13. Viwanja viwili vinapakana. Kwa nini kimoja bei yake ni mara kadhaa ya kingine?

Twende Puligny. Montrachet iko katikati ya mteremko. Juu yake ni Chevalier-Montrachet, yenye mawe mengi na udongo haba. Mvinyo wake ni mwembamba, ulionyooka. Chini yake, ng'ambo ya njia, ni Bâtard-Montrachet, yenye udongo mzito zaidi. Mvinyo wake ni mpana na mnene. Zote tatu ni Grand Cru. Shuka tena, uvuke njia nyingine ndogo, unaingia Les Enseignères, ambayo ni mvinyo wa kijiji tu.

Kwa macho huoni kilichobadilika. Mizabibu ni ile ile. Mteremko ndio unakaribia kuisha, na maji yanaanza kukaa. Maji ya chini ya ardhi hapa yako karibu sana na uso, hata kijiji cha Puligny kinajulikana kwa kukosa maghala marefu ya chini kama ya vijiji vingine.

Je, hatua hizo chache zinastahili tofauti yote ile ya bei? Ladha, ndiyo, ipo. Bei nyingine yote ni uchache na jina. Les Enseignères ikiwa mikononi mwa mkulima mzuri ni moja ya njia nafuu za kusogelea jirani zake, ingawa siri hiyo imeshavuja.

14. Shamba moja, watengenezaji wawili, mvinyo tofauti. Udongo umekwenda wapi?

Clos de Vougeot ina hekta 50 hivi, ukuta mmoja, jina moja, daraja moja la Grand Cru, na wamiliki kama 80. Sheria ya urithi ya Ufaransa hugawa mali kwa watoto wote, hivyo mtu anaweza kumiliki mistari michache tu. Shamba linaanza pazuri, kwenye mawe ya juu, na linashuka hadi kando ya barabara kuu ambako ardhi ni nzito na yenye maji. Ukilipima kwa kanuni ya swali la 5, sehemu ya chini ingekuwa mvinyo wa kijiji. Ukuta wa watawa uliizungushia yote, na sheria ikaufuata ukuta.

Kwa hiyo jibu ni mawili: huenda mistari yao haiko mahali pamoja, na mkono wao si mmoja. Siku ya kuvuna, uchaguzi wa zabibu, upya wa mapipa ya mwaloni, vyote hivyo vinaweza kuzima sauti ya udongo. Kati ya mvinyo wa kijiji kizuri wa mtu mzembe na Bourgogne ya kawaida ya mtu makini, chukua ya pili.

15. Nina hela ya chupa moja tu. Nifanyeje?

Acha vijiji vinavyotajwa na kila mtu. Tazama Saint-Aubin, iliyojibanza kwenye bonde nyuma ya Puligny, au Fixin kaskazini ya Gevrey, au Morgon na Fleurie. Lebo ya kijiji ikitaja pia jina la kiwanja kwa herufi ndogo bila maneno "Premier Cru", hiyo ni dalili njema: mkulima ameona kiwanja hicho kinafaa kutengwa. Litafute kwenye ramani, uone kiko wapi kwenye mteremko.

## Mambo ya pembeni

16. Joto la dunia limebadilisha mpangilio huu?

Limeanza. Beaune ina kumbukumbu za tarehe za mavuno tangu mwaka 1354, na zilipochambuliwa zilionyesha kwamba tangu 1988 mavuno yanaanza wastani wa siku 13 mapema kuliko zamani. Viwanja vya juu na mabonde ya nyuma, ambako zabibu zilikuwa zinashindwa kuiva, sasa zinaiva. Mkanda wa katikati, katika miaka ya ukame, unaanza kuona kiu kupita kiasi. Madaraja hayajabadilika, ramani ni ya karne ya 19 na hali ya hewa ni ya karne ya 21.

17. Jalidi huathiri mteremko pia?

Kwa kawaida huathiri chini. Lakini mwishoni mwa Aprili 2016 ilipanda hadi kwenye mashamba makuu. Usiku ulikuwa na unyevu, chipukizi zikavaa barafu, na jua la asubuhi, lile lile linalosifiwa katika swali la 4, likazipiga zikaungua. Montrachet ilipata zabibu chache kiasi kwamba wamiliki saba walichanganya zao wakatengeneza mvinyo mmoja.

Chablis hupambana kwa mafuta na mishumaa mikubwa inayowashwa kati ya mistari, au kwa kunyunyizia maji usiku kucha: maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na chipukizi iliyomo ndani ya barafu haishuki sana chini ya sifuri. Aprili 2021 hata hayo hayakutosha katika sehemu nyingi za nchi.

18. Ufaransa nzima ndivyo ilivyo?

Hapana. Bordeaux, kwenye orodha yake ya mwaka 1855, ilipanga wenye mali, si viwanja. Mwenye daraja akinunua kiwanja cha jirani ndani ya eneo lake la jina, kinaweza kuingia kwenye mvinyo wake mkuu. Champagne ilipanga vijiji vizima, 17 vikiwa Grand Cru. Alsace ina mashamba 51 ya Grand Cru, na lebo zake hutaja zabibu.

19. Kanuni hizi zingefaa Dodoma?

Kwa sehemu. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Jua liko karibu utosini, kwa hiyo shamba linatazama wapi si hoja kubwa, na jalidi haipo. Mzabibu haupati majira ya baridi ya kulala. Mkulima ndiye anayeulaza kwa kupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Kinachohama bila kubadilika ni suala la maji: udongo wa kichanga unayapitisha upesi, na anayemwagilia ndiye anayeamua kiu ya mzabibu. Huko Bourgogne kazi hiyo imeachiwa kilima.

20. Mimi sinywi pombe. Kuna la kuona huko?

Lipo, na halilipiwi. Mashamba mengi hayana uzio. Toka Puligny kwa miguu kuelekea kilimani na utapita mpangilio wote wa swali la 13 kabla hujachoka: udongo wa kahawia unaonata viatuni, kisha ukuta mfupi wa mawe, kisha ardhi nyeupe ya mawe chini ya Chevalier, kisha vichaka. Kati ya Beaune na Santenay kuna njia ya baiskeli inayokatiza mizabibu.

Adabu ni kubaki njiani. Vosne-Romanée, kwenye ukuta wa Romanée-Conti, shamba la Grand Cru la hekta 1.8 tu, kuna kibao kinachowaomba wageni kwa upole wasiingie shambani. Usichume hata punje moja. Septemba njia hujaa matrekta na wavunaji wana haraka. Mei na Juni ni tulivu zaidi, na udongo unaonekana vizuri kwa kuwa majani hayajaufunika.